Nguruwe wa Serikali Hana Mama

Jumatatu, 5 Agosti

Siku njema. Labda kubwa kuliko zote tangu nianze kazi ya serikali.

Gavana alituita wakuu wote wa idara. Hazina ya jimbo imekauka, fedha za serikali kuu kutoka Port Moresby hazijafika, na Siku ya Uhuru inabisha hodi. Bi Rhoda Tokwabu wa Fedha akasimama na dawa yake. Kodi ya meza! Kila mwanamke mwenye meza sokoni alipe kila asubuhi, kabla hajapanga bidhaa. Akakaa chini akijipepea, ameridhika kabisa.

Sasa, mke wangu Naiwa ana meza sokoni. Anauza popoo za kutafuna na chokaa yake. Meza ya pili yake ni ya Mama Mkwe, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nikajikuta nimesimama. Nikasema kodi ni njia ya wavivu. Serikali ibane matumizi yake kwanza! Makofi yalikuwa mengi. (Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, lakini makofi ni makofi.)

Gavana akauliza tubane wapi. Nikasema karamu ya Uhuru. Kila mwaka tunanunua nguruwe kwa mwenye shamba mmoja ambaye bei zake hupanda akimwona tu mtu wa serikali akishuka kwenye gari. Mwaka huu karamu isitugharimu hata sarafu moja ya toea. Gavana akakubali. Karamu ikifanyika bila kugusa hazina, mswada wa kodi atauchana mwenyewe mbele ya watu. Ikishindikana, kodi inaanza kesho yake asubuhi. Na mimi, Titus Gamadau, Mkuu wa Mipango, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kubana Matumizi. Ndiye mjumbe pekee pia. Tumeanza kubana hapo hapo.

Jioni nikawaeleza nyumbani. Mama Mkwe haongei na mimi, wala mimi siwezi kulitaja jina lake. Ndivyo tulivyo kwetu na wakwe. Jambo analotaka nilisikie analiambia sufuria. Leo ameiambia sufuria kwamba kodi ikipita atahamishia meza yake, tanuri lake la moshi na kitanda chake kwenye baraza ya mkwewe, maana barazani hakuna mtoza kodi. Sufuria haikujibu.

Alhamisi, 8 Agosti

Kazi imeanza kwa kishindo. Nimefuta sukari ya chai ofisini. Nimefuta biskuti za vikao. Matokeo yameonekana mara moja: watumishi wanakwenda kunywa chai sokoni na kurudi mchana, kwa hiyo feni hazizunguki asubuhi nzima. Umeme umepungua! Kikao cha leo nacho kilikwisha haraka ajabu. Nilikuwa peke yangu, na tulikubaliana kwa kauli moja.

Sukari iliyobaki ghalani, gunia zima, nimeifungia kwenye kabati langu.

Bi Rhoda alipita mlangoni akauliza kama siku ya Uhuru wageni watakula feni zilizozimwa. Nimemwonea huruma. Kuna watu hawajajaliwa ubunifu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata!

Juzi Gavana alifungua daraja la mto Ilumoa, wenyeji wakamzawadia nguruwe. Jike, mweusi, mwenye doa jeupe juu ya jicho. Bado mdogo mdogo. Kwa kawaida angeishia shimoni juu ya mawe ya moto siku hiyo hiyo. Nimemwomba kwa niaba ya Kamati. Tutamfuga nyuma ya ofisi, tutamnenepesha kwa makombo ya watumishi, na siku ya Uhuru atakuwa ametosha karamu nzima. Magimbi na mboga watatoa wanawake wa soko. Nimeshaongea nao, na ili wasione kodi wako tayari kutoa hata shamba. Gharama kwa serikali: hakuna!

Nimeandika ratiba ya kulisha. Jumatatu Mipango, Jumanne Afya, Jumatano Elimu, Alhamisi Ujenzi, Ijumaa Fedha. Nilitegemea Bi Rhoda agome. Badala yake aliisoma ratiba polepole, akatabasamu, akaomba apewe na Jumamosi. Nikampa. Wazo zuri humvuta hata adui.

Nyumbani Naiwa aliniuliza mama wa huyo nguruwe ni nani. Nikacheka hadi nikakohoa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba uliyemlisha kwa mkono wako huwezi kumla. Huyo ni mwanao. Unampa mtu mwingine, naye anakupa wa kwake, ndipo kila mmoja anakula kwa amani. Lakini hayo ni mambo ya nguruwe wa nyumbani! Huyu ni mali ya serikali. Mali ya serikali haina mwenyewe, na ndiyo maana kila mtu huila bila wasiwasi. Nikamwambia Naiwa: nguruwe wa serikali hana mama.

Akanitazama kidogo, akaendelea kukuna nazi.

Jumanne, 27 Agosti

Mambo ni mazuri kupita nilivyoota. Nguruwe ananenepa huku tunamwona. Nimempa jina Akiba, na watu wa Elimu wameliandika kwenye kibao kwa herufi za rangi.

Ujenzi wamemjengea banda la mabati. Mabati hayo yalikuwa ya paa la masjala, lakini yalikuwa ghalani tayari, kwa hiyo ni bure. Mvua imenyesha masjala na kulowesha majalada ya miaka ya nyuma. Hayo nayo tulikuwa tunayatunza kwa gharama! Afya wamempa Akiba dawa ya minyoo na wanamwogesha kila wiki. Watumishi wanawahi kazini kuliko wakati wowote, makombo mkononi. Baadhi wameanza kuleta chakula kizima na kukiita makombo.

Leo nilimkuta Yalana wa Ujenzi, dereva wetu wa boti, jitu la miraba minne ambalo kila mwaka ndilo linalochinja nguruwe wa Uhuru. Amechuchumaa anamkuna Akiba tumboni na kumwimbia. Nikamwuliza kulikoni. Akasema akiimbiwa anakula vizuri. Nimekubali. Yalana ni mtaalamu.

Kero ni moja tu: Bi Rhoda. Jana ilikuwa Jumatatu, siku YANGU, nikamkuta bandani anampa papai. Nikamkumbusha ratiba. Akasema Akiba alimwita. Nguruwe haiti watu! Lakini ni kweli kwamba Bi Rhoda akiita, mnyama anakuja mbio na masikio yamesimama, na nikiita mimi, analala. Si kwamba naona wivu. Nimekwenda tu sokoni nikanunua mapapai mawili makubwa kuliko lile lake, kwa fedha yangu mwenyewe, kwa hiyo hayahesabiki.

Mchana Gavana naye alikuja kupigwa picha akimlisha Akiba kiazi kitamu mkononi. Picha imetundikwa mapokezi. Wazo la picha lilikuwa la Bi Rhoda. Kikazi nimeanza kumkubali mama huyu.

Ijumaa, 6 Septemba

Misukosuko midogo. Imekwisha salama.

Asubuhi Akiba alisukuma bati, akatoka, akaelekea sokoni kwa mwendo wa heshima. Alipita meza za magimbi. Alipita meza za ndizi. Katika soko zima akaichagua meza ya Mama Mkwe. Alipomaliza, hapakubaki samaki wala jani la kufungia.

Watu wakajaa. Nguruwe akiharibu, mwenye nguruwe analipa, hilo halina mjadala. Wakauliza mwenyewe ni nani. Nikapanda juu ya kreti nikawaeleza kwa utulivu kwamba mali ya serikali haina mwenyewe. Mama Mkwe hakuwa na sufuria karibu, akaliambia kopo la chokaa la Naiwa, kwa sauti iliyofika gatini:

"Eti hana mwenyewe. Haya basi, we kopo, kama hana mwenyewe mimi naondoka naye sasa hivi. Na kisu nimekinoa jana."

Akaishika kamba. Wauguzi wa Afya wakapiga yowe. Bi Rhoda alitokea ofisini kwake anakimbia, viatu mkononi, nywele zimemtimka. Nikaona hapa mwenyekiti asipotumia akili karamu imekwenda. Nikatuma mtu kabatini kwangu, nikatoa lile gunia la sukari kama fidia kwa niaba ya serikali. Mama Mkwe akaliambia kopo kwamba inatosha, lakini siku nyingine iwe nyeupe zaidi. Hakuna fedha iliyotoka! Ndiyo faida ya kubana mapema.

Bi Rhoda, huku anahema, akatangaza mbele ya watu wote kwamba aliyelipia uharibifu ndiye mwenye nguruwe. Kwa hiyo kuanzia leo Akiba ana mwenyewe, naye ni serikali, na serikali ndio sisi tunaomlisha. Nilimshukuru kwa ufafanuzi. Sijui kwa nini alicheka.

Ijumaa, 13 Septemba

Balaa! Balaa tupu!

Nilimwita Yalana tupange uchinjaji. Akaangalia miguu yake. Nikarudia. Jitu lile likaanza kulengwalengwa na machozi.

"Bosi, nimemlisha kila Alhamisi kwa mkono huu," akasema. "Nikimla, nimemla mwanangu. Wewe mwenyewe utaweza?"

Nikasema bila shaka nitaweza, ni nyama ya serikali. Nikaenda bandani kuthibitisha. Akiba akaja, akaweka kidevu chake juu ya kiatu changu, akafumba macho. Nikarudi ofisini.

Nikazunguka idara kwa idara nikitafuta mtu mmoja tu mvivu ambaye hakufuata ratiba. Sikumpata! Serikali hii haijawahi kutekeleza ratiba yoyote tangu iundwe, lakini hii imeitekeleza hadi mfagizi. Nikamfikiria Gavana. Picha iko mapokezi, kiazi mkononi. Nikawafikiria wanawake wa soko. Mama Mkwe amewaambia wenzake kwamba Akiba amekula mezani kwao, kwa hiyo naye ni binti wa soko, na atakayemla atakiona cha moto.

Karamu ya jimbo zima, nyama ipo, na hakuna mdomo wa kuila.

Bi Rhoda alinikuta nimejiinamia. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Titus, kubali tu yaishe. Kesho ninunue nguruwe, Jumanne kodi ianze. Huna nyama, baba. Nilijua tangu siku ya ratiba."

Nikamjibu kwamba Kamati ina mpango wa pili. Kamati haikuwa nao.

Nyumbani nilimkuta Mama Mkwe anaipima baraza yangu kwa kamba. Aliiambia sufuria kwamba kitanda kitaenea vizuri, ila maua ya mkwe yatang'olewa. Naiwa alikuwa anachambua popoo zake, nzuri huku, mbovu kule, na nilijua anawaza kila asubuhi atatoa kiasi gani kabla hajauza hata moja. Nimekosa hamu ya kula.

Jumamosi, 14 Septemba

Mpango upo! Ulikuwa pale pale miguuni pangu muda wote, ila nilikuwa nimeukalia.

Kama tumekuwa wazazi, basi tufanye wanavyofanya wazazi. Tubadilishane! Ng'ambo ya ghuba, kijiji cha Dawaro, mzee Enosi Kudakuda ana nguruwe wawili wakubwa, na watu wake hawawezi kuwala kwa sababu ile ile. Nikamwamuru Yalana atayarishe boti.

Sikutegemea gati liwe limejaa vile. Idara zote zilikuja, na ni siku ya mapumziko. Wauguzi walimvika Akiba shada la maua. Mkuu wa Elimu alijaribu hotuba akashindwa. Bi Rhoda alikuja wa mwisho, ameshika papai lililokatwa katikati. Alimlisha taratibu, kipande kwa kipande. Kisha akaniangalia, na macho yalikuwa mekundu.

"Nilitaka ushindwe, Titus. Sikutaka aondoke."

Nikamwambia kwamba mzee Enosi hachinji majike, huwa anawaacha wazae. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Kule Dawaro, mzee Enosi alimzunguka Akiba, akambonyeza mgongo, akamwangalia meno. Mwishowe akasema mnyama wa namna hii ukimchinja umelaaniwa, huyu ni wa kuzaa. Nilimkumbatia yule mzee! Hakupenda.

Halafu tukaingia kwenye masharti.

"Wako mmoja, wangu wawili," akasema. "Hapo uko nyuma, mwanangu. Mwakani mtaniletea wanne, na ngoma juu. Tunaelewana?"

Nikasema tunaelewana. Mwakani ni mwakani! Niliambiwa nisiguse hazina mwaka huu, na sijaigusa. Tumerudi na nguruwe wawili wageni kabisa, sura ngumu, hakuna anayewajua. Nimekataza mtu yeyote asiwape hata ganda la ndizi.

Jumatatu, 16 Septemba. Siku ya Uhuru

Ushindi!

Mawe yaliwaka tangu alfajiri. Magimbi, viazi, mboga za nazi, nyama iliyofunuliwa shimoni inatoa mvuke. Watu wa Dawaro walikuja wote kwa makasia, maana anayetoa nguruwe lazima aje aone akiliwa. Wakatuambia Akiba ameshazoea, amelala kivulini, na anakula papai tu. Bi Rhoda alisikia akaenda kuongeza nyama.

Gavana alipanda jukwaani akauchana mswada wa kodi ya meza, mara moja, mara mbili, akaurusha juu. Vigelegele! Wanawake wa soko waliniinua. Naiwa alinitazama kama alivyonitazama siku ya harusi, na mimi nilifuta macho nikasingizia moshi. Nimefurahi. Nimefurahi sana. Meza yake ni yake.

Ndipo mzee Enosi akasimama na kuwakumbusha watu kwamba mwakani, siku kama ya leo, Dawaro inategemea nguruwe wanne na ngoma. Gavana, mafuta yanamng'aa kidevuni, alikwenda kumpa mkono kwa heshima ya jimbo. Alipokaa akauliza hao wanne watafugwa na nani, maana hazina isiguswe. Bi Rhoda alikuwa na jibu. Alisema kwa upole kabisa kwamba mwenye Kamati ndiye mwenye baraza kubwa, na kwamba anayajua makombo kuliko mtu yeyote serikalini.

Gavana akauliza baraza yangu ina upana gani. Mama Mkwe, ambaye ana kipimo, aliliambia sinia la nyama.

Jumanne, 17 Septemba

Hali ni njema. Nguruwe wadogo wanne wamekuja asubuhi, zawadi ya waumini wa kanisa. Wanakaa chini ya nyumba. Mama Mkwe amehamia kuwaangalia, na tanuri lake la moshi, na kitanda. Maua yameng'olewa. Nguo zangu zote zinanuka samaki, lakini ofisini sasa watu wananipisha njia haraka.

Naiwa amenieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kupanga meza yake, inabidi atoe kikapu cha viazi kwa ajili ya nguruwe wa serikali. Akauliza hicho kinaitwaje. Nikamwambia si kodi. Kodi ni fedha. Mama Mkwe aliiambia sufuria kitu ambacho sitakiandika.

Lakini nimeshaona mbali zaidi. Wanne wanakwenda Dawaro. Je, sisi mwakani tutakula nini? Ndiyo maana nimewaomba kanisani wa tano, kadogo, ka mwisho kuzaliwa, kana mkia uliopinda. Kosa la mwaka huu nimelichunguza na kulielewa vizuri. Kosa lilikuwa jina. Nani anakula akiba yake? Huyu nimemwita Matumizi, na mwakani ataliwa bila shida yoyote.

Ratiba tayari nimeitundika mlangoni. Jumatatu mimi, Jumanne Naiwa, Jumatano Mama Mkwe, Alhamisi Yalana, Ijumaa na Jumamosi Bi Rhoda, ambaye alipita leo kuangalia tu na kwa bahati alikuwa na papai. Jumapili Gavana, akitoka kanisani.

Leo ni zamu ya Naiwa, lakini yuko sokoni. Nimempa kiazi mimi mwenyewe. Kamekula mkononi mwangu, kakalala juu ya kiatu.